Mlango Usiotazama Kwangu

Tuwan, Kitale
9 Septemba 1987

Mama,

Salamu kutoka kwa Nelima na Wakonyo, na kutoka kwangu mimi Hiram, mume wa binti yako. Najua utashangaa kuona mwandiko huu. Tangu nimwoe Nelima sijawahi kukuandikia, na wewe hujawahi kunitumia hata salamu za mdomo. Nelima hajui kwamba naandika. Amelala ndani, na mimi nimekaa hapa nje kwenye meza yangu ya useremala, kwa hivyo unisamehe kalamu hii nene.

Mama, Nelima ana mimba tena. Ile ya mwaka jana iliyoharibika unaijua. Safari hii daktari amesema alale kitandani mpaka ajifungue, mwezi wa kumi na moja. Asichote maji, asiinue sufuria, asifue hata leso. Na hii ndiyo miezi ambayo mimi sina nafasi hata ya kujikuna. Maonyesho ya kilimo yanakaribia, na mimi ndiye ninayejenga mazizi ya ng'ombe wa mashindano na jukwaa la wageni. Naondoka alfajiri, narudi jua likizama. Anayebaki na Nelima ni Wakonyo akitoka shule, na huyo ni mtoto wa darasa la kwanza. Mama yangu, ambaye mtoto alirithi jina lake, alikwisha kufariki. Sina mtu.

Juzi nilimkuta Nelima analia. Nikamuuliza, ni maumivu? Akasema, "Hapana. Namtaka mama."

Ndiyo maana naandika. Njoo, Mama. Nitakupa kitanda chetu, mimi na Wakonyo tulale chini. Asubuhi nitakupikia chai kwa mkono wangu tunywe pamoja. Na Wakonyo anataka wewe, kukhu yake, umpeleke kwenye maonyesho akapande bembea ya kuzunguka. Tangu Agosti haimbi kitu kingine.

Lakini lazima niseme lililo moyoni, maana nisipolisema litanikaba. Krismasi iliyopita tulikuja Bokoli na nikakuletea blanketi. Mimi naingia langoni, wewe ukatoka kwa mlango wa jikoni mbio ukaingia migombani, na hukutoka huko mpaka niliponyanyuka kwenda kuona mashine ya kusaga. Blanketi ukamtuma mtoto alichukue. Jirani yako Nyongesa ulimsalimia kwa mikono miwili. Mimi, hata kidole. Nelima huniambia, "Ni heshima ya kwetu tu," lakini mimi si mtoto. Nimezaliwa hapa Kitale, wazazi wangu walitoka Nyeri, na nayajua maneno ambayo watu husema kutuhusu. Kama ni kwa sababu mimi ni Mkikuyu, niambie. Nitavumilia. Lakini njoo kwa ajili ya binti yako.

Ni mimi,
Hiram Kagwe


Bokoli
17 Septemba 1987

Baba Wakonyo,

Barua yako nimeletewa na Nyongesa. Nikaisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Haki ya Mungu! Tangu nizaliwe sijasikia mkwe akimwandikia mama mkwe ati njoo ulale kitanda changu. Kitanda chako! Heri nife leo nizikwe kesho. Na chai upike wewe, mimi nikae niinywe mbele yako! Wewe kijana, nani alikulea?

Nyumbani kwako siwezi kulala. Sababu unaijua. Na kama unajifanya huijui, Nelima anaijua. Mambo mengine si ya kuandikwa kwenye karatasi.

Nimempa Nyongesa unga wa wimbi, samli, maharagwe, uyoga mkavu na jogoo. Jogoo achinjwe apewe Nelima supu, wewe ule shingo. Uji uwe mzito. Asilale chali, alale ubavu, na miguu iwekwe juu ya mto. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Naona haya kukuambia wewe mwanamume maneno haya, lakini hapo kwako naona hakuna mwingine wa kuambiwa.

Usidhani silali nikiwaza. Kila asubuhi nasimama hapa nje nikiangalia upande wa Kitale mpaka uji unaungua.

Shoo yenu ya kilimo naijua. Marehemu mzee wangu alinipeleka mwaka ule walipoleta ng'ombe mwenye kiwele kinachokaribia kuburuta chini. Mwambie Wakonyo asile ile sukari ya kupulizwa kama pamba, itamharibu tumbo.

Mungu awalinde.
Dorika Naliaka


Tuwan, Kitale
24 Septemba 1987

Mama Dorika,

Vitu vimefika, asante. Nelima amekunywa supu.

Nimekuelewa. Umeniuliza nani alinilea. Nililelewa na mwanamke ambaye angesikia binti yake yuko kitandani hivi, angekuja kwa miguu. Sitakuomba tena. Mama Cherono, mjane Mnandi wa jirani, amekubali kumchungulia Nelima mchana anapopata nafasi kutoka sokoni. Mtu wa kabila lingine kabisa, na hakuniuliza mimi ni nani.

Mtoto akizaliwa salama, sijui nitamwambia nini kuhusu kukhu yake wa Bokoli.

Hiram Kagwe


Tuwan
1 Oktoba 1987

Mama yangu,

Ni mimi Nelima. Naandika nikiwa nimelala ubavu kama ulivyosema, kwa hivyo mistari inapanda mlima.

Mmeandikiana nini na Hiram? Nimeona barua yako chini ya sanduku la misumari na sasa najua alikuomba uje. Mama, huyu mtu anaumia. Hapigi mluzi tena akifanya kazi. Anaamini unamchukia. Mara ngapi nimemwambia kwamba kwetu mama mkwe haonani na mkwe, na kila mara ananitazama kwa huruma, kama ninayemfunika macho ili asione aibu. Kwao mama mkwe akija anawekwa kiti cha mbele na mkwe anamtilia chai. Kwa hivyo alipokuandikia mambo ya kitanda alikuwa anakupa kikubwa alicho nacho. Hakukutukana, Mama. Hajui tu.

Na kuna lingine. Jumanne niliona damu. Si nyingi, na imekoma. Hiram sijamwambia. Akijua ataacha kazi ya maonyesho akae hapa akinitazama, na atachanganyikiwa. Usimwambie. Lakini naogopa, Mama. Ile ya mwaka jana ilianza hivi hivi.

Binti yako,
Nelima


Bokoli
6 Oktoba 1987

Mkwe wangu Hiram,

Leo nimeandika jina lako, jambo ambalo sijawahi kufanya.

Nelima ameniandikia. Kumbe ulidhani nakuchukia! Nimecheka, nikalia, nikakukasirikia, nikajikasirikia. Sasa nimetulia. Nisikilize.

Kwetu Wabukusu mwanamume aliyeoa binti yako si mtu wa kuzoeana naye. Hampeani mikono. Hamli mkitazamana. Mkikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Nyumba anayolala na binti yako wewe hulali ndani yake, sembuse kitanda! Si uadui huo. Mtu huyo ameshika kitu chako cha thamani kuliko vyote, basi unamwogopa kwa heshima. Nyongesa namsalimia kwa mikono miwili kwa sababu Nyongesa ni nani? Ni jirani, ananiomba chumvi. Muuza samaki wa soko la Kimilili namtazama usoni na kumwambia samaki wake wananuka. Wewe sijakutazama, lakini nakujua. Najua ukicheka unaanza kwa pua. Najua ukiingia nyumba ya watu unagonga miimo ya mlango kuona kama imenyooka. Yote hayo nimeyajua nikiwa nyuma ya ukuta wa jikoni.

Siku ile ya Krismasi migombani kulikuwa na siafu. Walinipanda mpaka mahali ambapo sitapataja. Sikutoka! Ningekuwa nakudharau ningetoka, nikaketi karibu nawe, nikakuomba sukari. Na blanketi lako nalala nalo kila siku.

Mama yangu mzazi hakuwahi kumtazama mzee wangu usoni tangu tuoane. Mzee alipokufa, ni yeye aliyelia kunishinda mimi mjane.

Nelima alikuambia ukaona anakubembeleza. Sasa nakuambia mimi, na mimi sijui kubembeleza mtu.

Nitakuja. Lakini nitafutie paa ambalo si lako. Hata liwe la kuku. Mlango wake usitazame mlango wako. Ukipita, kohoa nipate kujisitiri. Chakula changu kisipitie mikononi mwako. Ukiweza hayo, nitamwogesha Nelima, nitamlisha, na akiita nitasikia.

Fanya haraka, Hiram. Usiniulize kwa nini.

Dorika Naliaka


Tuwan, Kitale
11 Oktoba 1987

Mama,

Nimeuliza kama naruhusiwa kukuita hivyo, na Nelima amesema naruhusiwa.

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya jukwaa na misumari mdomoni. Nilipofika kwenye siafu nusura nimeze msumari. Halafu nikashuka, nikaenda nyuma ya mazizi, nikakaa peke yangu. Kwetu mtu akikuona akakimbia, maana yake hataki kukuona, basi. Nimebeba jambo hilo kifuani muda wote huo, na kumbe nilikuwa nabeba heshima bila kujua.

Mama Cherono ana chumba alichokuwa akiweka mahindi. Tumetoa magunia. Mlango wake wa zamani ulikuwa unatazama kwangu moja kwa moja, kwa hivyo nimeupigilia mbao, nikatoboa ukuta wa nyuma na kutia mlango mpya unaotazama Mlima Elgon. Mama Cherono aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nilipomweleza akasema hata kwao ukwe si mchezo, akanisaidia kushika fremu. Kitanda ni kipya, hakuna aliyekilalia.

Nitakohoa mpaka watu wadhani nina kifua kikuu. Njoo.

Ile barua ya mwezi uliopita ichome, nakuomba.

Hiram


Kwa Mama Cherono, Tuwan
5 Novemba 1987, jioni

Baba Wakonyo,

Nakuandikia na huku nasikia ukipiga randa hapo uani. Ningemtuma Wakonyo kwa mdomo, lakini huyo akifika kwako atakuwa ameshasahau nusu na nusu nyingine ameitungia yake.

Leo Mama Cherono alikaa na Nelima, nami nikampeleka mtoto shoo. Weee! Watu! Watoto wa shule wamepangwa kwa sweta zao kama miche kwenye kitalu. Tumeona boga ambalo lingehitaji wanaume wawili kulibeba. Tumeona mbwa wa polisi akimkamata mwizi ambaye si mwizi, na Wakonyo akamlilia mwizi. Tumeona mafahali wameogeshwa kwa sabuni kuliko mabwana harusi. Bembea ya kuzunguka, mtoto aliogopa kupanda peke yake. Basi na mimi nilipanda. Nilikaa juu ya farasi wa mbao, kitambaa cha kichwa kikaruka, na mzee mmoja akaniambia, "Mama, shikilia dini yako." Usicheke.

Nilikuona ukiwa juu ya jukwaa na nyundo. Nikamwambia Wakonyo tuzungukie upande wa kuku. Ulipoenda mbali nilirudi nikashika ubao mmoja wa zizi lako. Ni laini, hauna hata kibanzi. Ng'ombe ataegemea bila kuumia. Nilitaka ujue kwamba niliushika.

Sasa la maana. Tumbo la Nelima limeshuka, mapema kuliko nilivyotaka. Jumamosi, siku ya kufunga shoo, usiende mbali na kipaza sauti.

Dorika

Mama, nimesoma. Sitakwenda mbali. Kuhusu farasi nimecheka, lakini kimya kimya ili usisikie. H.K.


Bokoli
29 Novemba 1987

Mkwe wangu,

Nimefika nyumbani salama na kuyakuta mahindi yameanza kulala chini, kwa hivyo tumevuna bila kupumua. Naandika na mikono imechubuka. Niliondoka bila kukushukuru, maana kwa mdomo nisingeweza.

Jumamosi ile, chupa ya uzazi ya Nelima ilipopasuka, Mama Cherono alikimbia uwanjani bila viatu. Watu wa Tuwan bado wanasimulia jinsi kwaya ya shule ilivyokatizwa katikati ya wimbo na kipaza sauti kikasema, "Hiram Kagwe, seremala, nyumbani kwako, upesi!" Ukaja na pikapu ya mzee Kemboi, na fahali wake aliyeshinda bado yuko nyuma na utepe shingoni.

Mbele palikuwa na nafasi ya wawili kando ya dereva. Mume ndiye mwenye mkewe. Mimi nilishamweka Nelima kwenye kiti, nikajificha nyuma ya mlango wa Mama Cherono, nikajiambia basi, Dorika, umefanya lako, baki uombe. Nikasikia unakohoa. Nikasikia unamwambia Wakonyo, "Mwambie kukhu aingie mbele." Nilipochungulia ulikuwa umeshapanda nyuma kwa fahali.

Njia yote Nelima alilia akiita jina lako. Kilichowatenga ni kioo kidogo tu. Niliona mgongo wako. Ulikuwa umemshika fahali pembe, umeipa hospitali kisogo, na mabega yalikuwa yanatikisika. Kila alipokuita mabega yalipanda. Hukugeuka hata mara moja.

Wapo watu wa kwetu waliozaliwa ndani ya desturi hii, na sijaona mmoja aliyeishika hivyo siku mke wake anapolia. Nilimshika Nelima mikono yote miwili, na mtoto alipotoka akiwa hai, wa kwanza niliyemkumbuka ni wewe huko nje.

Hebu nieleze msichana wangu ananyonya namna gani. Ana pua ya kwenu, Mungu amsaidie.

Dorika Naliaka


Tuwan, Kitale
5 Desemba 1987

Mama,

Ananyonya kama anayelipwa. Nelima anatembea mpaka sokoni na kurudi. Ameniambia sasa kuhusu ile damu ya Septemba, na nimeelewa kwa nini ulinihimiza.

Umeandika kuhusu mgongo wangu. Nitakuambia ukweli, Mama. Sikuwa shujaa. Nilijua nikigeuka tutaonana uso kwa uso pale kiooni, nawe ungemwambia Kemboi asimamishe gari ukashuka. Na Nelima alikuhitaji wewe kuliko alivyonihitaji mimi. Kwa hivyo nilimtazama fahali. Nimezungumza na fahali yule mambo ambayo sijamwambia mchungaji.

Sasa nina ombi, na safari hii nauliza kwanza kabla ya kukosea. Huku kliniki wamedai jina la mtoto nami nimewaambia wangoje. Kwetu jina la mtoto halitafutwi. Msichana wa kwanza ni mama yangu, ndiyo maana ni Wakonyo. Wa pili ni mama wa mke wangu. Na si jina tu. Mtoto huyo anakuwa ndiye mtu mwenyewe. Wakonyo nikimkaripia sana moyo huniuma, kwa sababu nimemkaripia mama.

Kwa hivyo huyu ni Naliaka. Ni wewe. Ningekuwa na ruhusa ya kukushika mkono. Ningekulisha, ningekutazama usoni nione unafananaje. Mambo yote ambayo wewe na mimi hatutafanya mpaka tufe.

Lakini Nelima amenishtua. Anasema kwenu jina la mtu aliye hai halipewi mtoto, ni kama kumchimbia kaburi. Ukisema hapana, nitatafuta lingine na hakuna atakayekasirika. Sitaki kukuogopesha.

Hiram


Bokoli
14 Desemba 1987

Hiram,

Uliniogopesha. Niliposoma barua yako nilijipapasa mikono nione kama bado ina joto. Kwetu jina lako linangoja ulale udongoni kwanza, ndipo linamrudia mtoto. Nilimwendea dada yangu Respa, akasema, "Hao wanakuzika ukiwa unatembea." Nilikaa kanisani Jumapili nzima bila kusikia neno la mhubiri. Halafu tena, mtoto aliyezaliwa watu wakivuna aitwe Naliaka, jina la palizi! Bokoli yote itacheka.

Lakini nimewaza. Mimi naweza kufa mwaka ujao, naweza kuzeeka mpaka niwachoshe. Vyovyote vile, sitakaa mezani kwako wala sitakutazama, desturi yangu siiachi. Wewe hukuniomba niiache. Na watu wako wakiona jina ni uhai, mimi ni nani niseme ni kifo? Nimeshamwambia Respa anyamaze.

Mpe jina.

Sasa basi, kama huyo unayembeba ni mimi, sikiliza nikuambie nilivyo. Mama yangu alisema nilipokuwa mchanga nilikuwa msumbufu kupita kiasi. Kitandani silali. Nilitaka begani, uso umeelekezwa shingoni, na mtu atembee, asikae. Akikaa tu naanza upya. Kwa hivyo usichoke upesi. Shika kichwa changu kwa nyuma, bado hakijakaza. Na uniimbie. Sauti yako ni mbaya, nimeisikia, lakini imba.

Dorika Naliaka